Pikapu Inayotetemeka Ikivuka Kilomita 80

Kabla hujampigia fundi simu, chuchumaa kando ya kila tairi na upapase upande wa ndani wa rimu, ule ambao mtu aliyesimama hauoni. Ukikuta tope limekauka humo, huenda ugonjwa umeshaupata, na dawa yake ni ndoo ya maji na bisibisi ya kubandulia.

Sisi wa Singida tunaujua udongo mweusi wa mbuga. Upo ukishuka mlima Sekenke kuelekea Shelui na bonde la Wembere, upo mabondeni Mkalama, upo Manyoni. Ukiwa mbichi unanata, ukikauka unakuwa tofali. Wakati wa mvua mtu anatoka shambani na magunia ya vitunguu au alizeti, anafika nyumbani usiku, analala. Asubuhi anapanda lami, na mshale wa spidi ukigusa 80 usukani unaanza kutetemeka mikononi. Jana haukutetemeka. Anawaza tairodi, anawaza beringi, anahesabu hela. Kumbe hakuna kilichoharibika: gurudumu moja limebeba udongo upande mmoja tu.

Fanya hesabu uone kwa nini kitu kidogo hivyo kinasumbua gari zima. Tairi la 265/65 R17, ambalo Hilux nyingi za milango minne huvaa, lina mzunguko wa karibu mita 2.4. Ukienda kilomita 100 kwa saa, linazunguka mara 11 na zaidi kila sekunde. Bonge la tope la gramu 100 lililoganda sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu, kwa mwendo huo, linavuta kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10. Na nguvu hiyo haikai upande mmoja. Inavuta juu, mbele, chini, nyuma, mara 11 kwa sekunde. Ukipunguza hadi kilomita 50, nguvu hiyo hiyo inashuka mpaka kilo 2 na nusu, kwa sababu inakua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana gari linapita Ikungi kimya kwenye kibao cha 50, na ukitoka nje ya kijiji linachachamaa.

Osha, bandua, futa, kisha rudi barabarani. Gari likitulia, umemaliza. Lisipotulia, endelea kusoma, na usinunue spea yoyote kwanza. Watu wengi wanaotumia pikapu mkoani kwetu wanatengeneza gari kwa kubahatisha: wanabadilisha hiki, hakikusaidia, wanabadilisha kile. Kila mtetemo una dalili zake, na dalili hizo unaweza kuzisoma mwenyewe bila kifaa chochote.

Yasiyongoja majaribio

Kuna mitetemo miwili ambayo hairuhusu safari ya majaribio. Ukiihisi, toa gari barabarani, weka kibao cha tahadhari, ushuke.

Wa kwanza ni ule unaoanza muda mfupi baada ya tairi kufunguliwa na kurudishwa. Hapo shuku nati. Nati iliyolegea huacha alama: mistari ya rangi ya kutu inayotiririka kutoka kwenye tundu, chuma kinachong'aa pale kilipokuwa na rangi, au tundu lililoanza kuwa refu kama yai. Gurudumu lenye nati zilizolegea halisubiri ufike Manyoni. Likichomoka ukiwa kilomita 100, linakwenda lenyewe kumtafuta mwenda kwa miguu au mwendesha bodaboda.

Na nati nazo zina aina. Rimu za chuma za kawaida huchukua nati zenye kichwa cha mteremko, kama koni, kinachokaa ndani ya tundu na kulivuta gurudumu katikati. Rimu nyingi za aluminiamu zinazotoka kiwandani na Toyota huchukua nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Ukinunua rimu nzuri za mtumba halafu ukazifunga kwa nati za rimu za zamani, zinaweza kuonekana zimekaza kabisa, na bado gurudumu halijakaa katikati. Litatetemeka hata ukilibalansi mara kumi. Vilevile tundu kubwa la katikati la rimu ngeni linaweza kuwa pana kuliko habu ya gari lako. Panahitajika pete ya kujazia nafasi hiyo.

Kaza kwa kuruka: nati hii, kisha ya upande wa pili, mpaka zote zishike, ndipo ushushe jeki ukaze mwisho. Fundi akimaliza nati moja kabisa kabla ya kugusa nyingine, rimu inakaa upande.

Mtetemo wa pili usiongoja ni ule unaoongezeka kila kilomita, hasa ukisikia na kitu kama kofi linalopiga chini ya gari. Hapo tairi linaachana tabaka zake. Ndani ya tairi kuna mikanda ya nyuzi za chuma, na ikiachana na mpira, uso wa tairi unavimba mahali pamoja. Zima gari, lipoe, vaa glavu au funga kitambaa mkononi kwa sababu waya zinaweza kuwa zimetokeza, kisha upitishe kiganja polepole kuzunguka uso wote wa tairi. Nundu utaihisi kabla ya kuiona. Kagua na mashavu pia, ya nje na ya ndani. Jiwe la barabara ya changarawe au ukingo wa shimo la lami hukata nyuzi za shavu, na upepo unasukuma uvimbe kama yai. Tairi la namna hiyo halizibwi wala halihamishiwi nyuma. Linatolewa hapo hapo.

Ukiwa bado umeinama, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mfululizo unaoanza na herufi DOT kwenye shavu. 2318 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata nzito na mng'ao wa rangi haviondoi umri, na jua la hapa halina huruma na mpira.

Safari ya majaribio

Toka asubuhi mapema, kwa sababu mbili. Kwanza, upepo wa matairi hupimwa yakiwa ya baridi. Tairi likishatembea au kuanikwa juani, hewa ya ndani inapanuka na kipimo kinadanganya. Kiwango sahihi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingi tairi za nyuma zina namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Pili, ni upepo wenyewe, huu unaovuma juu ya nyanda zetu. Mchana wa kiangazi unaweza kuipiga pikapu ubavuni mpaka dereva akadhani tairi limelegea. Turubai lisilofungwa vizuri, keria na vyuma vya juu ya bodi navyo huvuma na kutikisa. Ukiwa na mashaka, pita kipande kile kile kwenda na kurudi. Mtetemo unaobadilika kwa kubadilisha uelekeo tu unatokana na upepo, au na lami yenyewe pale malori yalipoiacha na mawimbi.

Toa mzigo wote. Chukua mtu wa kukaa nawe mwenye kalamu na karatasi, maana dereva hapaswi kuandika wala kushika simu. Barabara kutoka Singida kwenda Manyoni ina takriban kilomita 120, na katikati ya vijiji utapata kipande kilichonyooka ambacho unaona mbele na nyuma. Kwenye makazi ni 50 kama sheria inavyotaka, hata kama unajaribu gari. Usifanye jaribio lolote kati ya haya kwenye mteremko wa Saranda au wa Sekenke.

Mwenzako aandike majibu ya maswali matatu. Mtetemo unaanza spidi gani, unazidi spidi gani, na je, unapotea ukipita hapo? Unausikia wapi: mikononi, makalioni au miguuni sakafuni? Na mguu wako ulikuwa unafanya nini: unakanyaga mafuta, umeachia, au umekanyaga breki?

Pandisha mwendo polepole, kilomita 5 kwa 5. Ukifika pale panapotetemeka zaidi, shikilia mwendo huo kidogo. Kisha achia mafuta kabisa bila kugusa gia, gari lipungue lenyewe. Rudia. Safari ya tatu, ukiwa kwenye tambarare na barabara ikiwa tupu nyuma yako, kanyaga klachi, weka nyutro, acha gari litembee kwa sekunde chache. Injini isizimwe, maana ukiizima unapoteza msaada wa usukani na wa breki. Mtetemo ukiendelea vile vile wakati injini imeshuka kwenye silensa, injini haihusiki. Tafuta kwenye vitu vinavyozunguka na gari: matairi, habu, propela, difu. Mtetemo ukikata papo hapo, geukia injini, klachi au mauntingi. Hapo simama kando, na gari likiwa limetulia kwenye nyutro pandisha mizunguko ya injini mpaka pale mshale ulipokuwa barabarani. Likitetemeka limesimama, matairi yako hayana kosa.

Mikono, makalio, sakafu

Usukani unaotikisika kushoto na kulia kati ya kilomita 80 na 110, kisha unatulia kidogo ukipita hapo, ni wa matairi ya mbele. Mara nyingi mno ni balansi. Kiti na bodi vikitikisika huku usukani umetulia, tazama matairi ya nyuma. Kipimo cha bure ni kubadilishana: hamishia ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, urudi kwenye kipande kile kile cha barabara. Mtetemo ukihama kutoka mikononi kwenda kwenye kiti, umesafiri na tairi. Umempata mkosaji bila kulipa shilingi.

Kuna njia nyingine ya kutenganisha, na mimi naiamini kuliko zote: sikiliza kasi ya mtetemo. Gurudumu likiwa kilomita 100 hupiga mara 11 au 12 kwa sekunde. Mwili unahisi hayo kama mapigo, dugudugudugu, na maji ndani ya chupa yanaruka. Propela huzunguka karibu mara nne ya gurudumu, kwa sababu difu za pikapu hizi hupunguza mizunguko kwa uwiano wa karibu 4 kwa 1. Kwa hiyo propela iko kwenye mizunguko zaidi ya 40 kwa sekunde. Hayo huwezi kuyahesabu. Ni mvumo unaotia ganzi nyayo, kioo cha kati kinaonyesha magari mawili pale palipo moja, na sarafu ndani ya droo zinalia. Mtu akikwambia gari lake "linavuma na kutekenya", usimpeleke kwenye matairi.

Kwa fundi wa balansi, nenda na rimu safi, kisha usimame uangalie. Gurudumu linapozunguka kwenye mashine, tazama uso wa tairi na ukingo wa rimu ukilinganisha na kitu kilichotulia nyuma yake. Kama rimu inayumba kushoto na kulia, imepinda. Kama tairi linapanda na kushuka, si duara tena. Mashine itakubali kuongezewa risasi mpaka isome sifuri, na gurudumu lisilo duara litaendelea kukudundisha, kwa sababu risasi hurekebisha uzito, hairekebishi umbo. Fundi akihitaji mstari mrefu wa risasi kwenye rimu moja, mwombe alivue tairi, aligeuze nusu mzunguko juu ya rimu, apime upya. Na vipande vya risasi vya zamani vibanduliwe vyote kabla ya kuanza.

Hapa niseme jambo moja kwa sauti, maana linawapotezea watu pesa: alaimenti haitibu mtetemo. Alaimenti inahusu pembe za matairi. Ikiharibika gari huvuta upande, usukani unakaa kombo, tairi linalika upande mmoja. Tairi lililolika vibaya kwa muda mrefu huja kutetemeka, hilo ni kweli, lakini hapo tayari ni tairi. Ukinyoosha pembe leo, tairi lililolika halinyooki.

Shokapu zilizochoka, bushi zilizokatika na boli jointi zinazocheza nazo huwekwa lawamani kupita kiasi. Hizo hukuza mtetemo uliopo. Tairi lenye kasoro ndogo ambalo gari zima lingelimeza, kwenye bushi mbovu linasikika kama msiba. Zikaguliwe kwa ajili ya usalama, na zibadilishwe zikiwa mbovu kweli, ila usitegemee zifute kosa la gurudumu.

Propela, ambako wengi hawaangalii

Miaka michache nyuma niliingiza Hilux yangu gereji kubadilisha klachi. Siku iliyofuata, nikielekea Misigiri, sakafu ikaanza kuvuma kuanzia kilomita 75. Nilirudi. Nikaambiwa matairi, nikanunua mawili. Nikaambiwa shokapu, nikanunua. Mvumo ulikuwa pale pale. Wiki ya tatu fundi mwingine, kijana mtulivu, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Mzee, lilianza lini hasa?"

"Baada ya klachi."

"Klachi haitoki bila kushusha propela. Waliweka alama?"

Hawakuwa wameweka. Propela ilikuwa imetenganishwa kwenye maungio yake yenye meno, kisha ikarudishwa ikiwa imepishana. Aliifungua, akaoanisha, akafunga. Kazi ya asubuhi moja. Nilikaa kwenye benchi la gereji ile nikiwa na uchungu wa matairi mawili yaliyokuwa bado mazima.

Sababu yake ni nzuri kuijua. Propela imeungwa kwa krosi, kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu kuzunguka ikiwa imekunjwa kidogo. Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 17, alikieleza kiungo hiki tangu enzi hizo, na bado jina lake hutumika kukiita. Kina tabia moja: upande wa kuingilia ukizunguka kwa mwendo ulio sawa, upande wa kutokea hauzunguki sawa. Unaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko, na kadiri pembe inavyokuwa kali ndivyo tofauti inavyozidi. Ndiyo maana kunakuwa na krosi ya pili: inafanya kinyume na kufuta kosa la kwanza. Lakini inafuta kwa masharti mawili. Mikono ya krosi zote mbili lazima ielekee upande mmoja, na pembe ya mbele lazima ilingane na ya nyuma. Meno yakipishana wakati wa kurudisha, sharti la kwanza limevunjika. Kwa hiyo, fundi yeyote anayeshusha propela, mwombe apige alama za rangi kwenye kila maungio kabla ya kugusa boliti ya kwanza. Simama mpaka uzione.

Sharti la pili tunalivunja wenyewe kwa kupenda mzigo. Pikapu ikianza kuketi kwa magunia, mwenyewe anaongeza jani la springi, au anaweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi. Nyuma inapanda. Difu inabadilisha uelekeo wa pua yake, na pembe ya krosi ya nyuma hailingani tena na ya mbele. Dalili yake ni ya pekee: gari likiwa tupu linavuma, likipakiwa linatulia. Springi zilizochoka hufanya kinyume, kimya likiwa tupu, mvumo likibeba. Matibabu ni kabari ya chuma inayowekwa kati ya springi na kikalio cha ekseli ili kurudisha pua ya difu mahali pake. Fundi apime pembe kabla ya kuweka, asikisie.

Ukaguzi wa propela unaufanya mwenyewe. Egesha pakavu na tambarare, zima injini, vuta hendi breki, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Mawe Singida hayakosekani. Shika propela kwa mikono miwili karibu na krosi, uzungushe kwenda na kurudi, kisha uisukume juu na chini. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka vikombe vyake maana yake grisi imekwisha na sindano za ndani zimeanza kusagika. Kagua kama bomba la propela limebonyea kwa kugonga jiwe, na kama vipande vidogo vya chuma vilivyochomelewa kubalansi vipo. Palipo na doa la kuchomelea bila kipande, kimedondoka. Angalia na nyasi au kamba iliyojisokota, na tope pia.

Pikapu ndefu huwa na propela ya vipande viwili, na katikati yake senta beringi iliyoshikwa ndani ya mpira. Mpira ukichanika, gari hutikisika wakati wa kuondoka, kwenye gia ya kwanza na ya pili, kisha huvuma tena lami ikifunguka. Mitetemo miwili mahali pawili, na kisababishi ni kimoja.

Ukisikia "klak" kila unapoingiza gia ya mbele au rivasi, usisafiri. Krosi ikikatika mwendoni, propela inadondoka na kuchimba barabara ikiwa bado imeshikwa upande wa pili.

Na kama ulivuka tope ukitumia magurudumu yote manne, hakikisha umerudisha gia kabla ya kupanda lami. Kuendesha hivyo kwenye lami kavu kunabana mfumo mzima mpaka gari linajikunja kwenye kona.

Mengine kwa ufupi

Mtetemo unaokuja ukikanyaga breki tu, na kanyagio linakusukuma mguu, unatokana na diski za mbele zenye unene usio sawa, au dramu za nyuma ambazo hazina tena umbo la duara. Waliozoea kushuka Sekenke wameegemea breki badala ya gia wanaifahamu hali hii.

Mlio unaovuma na kukua na mwendo, ukibadilika unapopinda, ni wa beringi za habu. Ukipinda kushoto uzito unahamia kulia, na beringi ya kulia ikiwa mbovu italia zaidi hapo. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi chini ya gari, kisha lishike juu na chini, ulitikise. Usiwashe gari na kuingiza gia likiwa juu ya jeki kwa sababu yoyote ile.

Wenye Land Cruiser za ekseli nzima mbele, zile zinazobeba wagonjwa na wataalamu wa kilimo mpaka vijijini, wana jambo lao. Gari linapita shimo au tuta kwenye kilomita 60 au 70, na ghafla usukani unapigwa kushoto na kulia kwa nguvu usiyoweza kuizuia. Usishindane nao. Shika kwa uthabiti, achia mafuta, punguza taratibu, utakata wenyewe. Kisha gari lisiendeshwe tena kwa mwendo mpaka beringi za kingpini, bushi za fimbo inayoshika ekseli isiende pembeni na shokapu ya stelingi vikaguliwe vyote. Shokapu mpya ya stelingi peke yake huficha ugonjwa kwa miezi kadhaa.

Mbele ya fundi

Usimwambie fundi "gari linatetemeka, liangalie." Mpe karatasi ile. Mwambie: "Mtetemo unaanza 85, unazidi 95, nausikia kwenye kiti, kwenye nyutro unaendelea, nimebadilishana matairi haukuhama." Maneno hayo yameshaondoa injini, yameondoa matairi, yamemwachia habu, propela na difu. Fundi mzuri atafurahi, maana umempunguzia nusu ya kazi. Anayekukatisha kabla hujamaliza na kuanza kutaja spea, mshukuru uende kwingine.

Mwambie pia kilichofanyika kwenye gari mwezi uliopita, hata kama unaona hakihusiani. Na kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkarudi wote barabarani kabla ya kugusa cha pili. Spea iliyotolewa uipewe mkononi.

Gari likirudi kwako, lipeleke kwenye kipande kile kile cha barabara, asubuhi mapema vile vile, bila mzigo. Kama tairi lolote lilifunguliwa, simama baada ya kilomita 50, uache rimu zipoe, utoe spana na kukaza nati upya, moja baada ya nyingine kwa kuruka.